Vichaka vya Korongoni

Ufa wa ardhi ulikuwa umefika nyuma ya jiko. Agneta alisimama mvuani akiutazama, roho mkononi, huku chini korongoni mto ukivuma na kumega shamba lake kipande baada ya kipande. Ndani, ukuta wa pili tu kutoka jikoni, mama yake alikuwa amelala. Miguu yake ilikwisha kupooza zamani.

Na alaumiwe nani, kama si Agneta mwenyewe? Aliporudi kijijini kwao Gatete baada ya miaka ya ukimbizi Tanzania, jambo moja lilimnyima usingizi: shamba lenye pori huhesabiwa halina mwenyewe. Tayari jirani yake Lukeba alikuwa akidai kwamba ukingo ule wa korongo ni wake. Basi Agneta akashika panga, akafyeka vile vichaka vilivyofumana mizizi mpaka mtoni, akapanda mihogo. Watu waone, alijisemea. Watu waliona kweli, na mvua nayo ikaona.

Upande wa Lukeba vichaka vilisimama vilevile, vibichi, vinachuruzika maji, na udongo wake haukuanguka hata konzi moja. Hilo lilimuuma Agneta kuliko ufa.

Mvua ilipokatika alimwendea. Hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka jana. Alimkuta akichemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi ya kukamua mawese.

"Amahoro, Baba Salima. Naomba matawi ya vile vichaka vyako, nipande kwangu."

Lukeba hakuinua macho. "Ukirudisha pori pale, watu watasema umeniachia."

"Najua."

"Na mimi nitasema hivyo hivyo."

Agneta alitamani kugeuka aende zake.

"Sema," alijibu. "Mama iko ndani ya ile nyumba."

Lukeba akauacha moto wake, akachukua panga. Walishuka wote wawili na mizigo ya matawi, wakayachomeka kwenye tope. Juu milimani mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

"Inashika mizizi lini?" Agneta aliuliza.

"Mvua ikikuja pole pole, itashika."

"Na ikikuja ya nguvu?"

Lukeba alitazama milima, kisha ufa. Akafuta panga kwenye majani.

"Twende tumutoe mama. Atalala kwangu."

Wakambeba na kitanda chake, wakavuka mpaka ule ule waliougombania, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka.