Siku Niliyohamia Timu Ambayo Haikuniita

Mie mpaka leo nikipita Wattaya, hapa Maskati, kwa gari, pale penye maduka ya magari mapya yanayong'ara nyuma ya vioo, huwa natazama upande wa pili wa barabara, na mke wangu ameshazoea, haniulizi tena. Nyie mmeniuliza, basi nitasema, na mkitaka kucheka chekeni, kwa sababu waliokuwepo siku ile walicheka mbele yangu na sikufa.

Ulikuwa mwaka sabini, mwishoni, watu wetu wa Unguja ndo kwanza wanaingia Maskati mmoja mmoja, huyu katokea Kuwait, yule Dubai, mwengine Misri, na kila anayefika anaulizwa mambo matatu: mtoto wa nani, anajua kazi gani, na anacheza basketi au hachezi. (Hili la tatu si mzaha. Tuliokulia mjini Unguja tulikuwa na wazimu wa mpira wa kikapu, na huku tulikokuja ukishatoka kazini hapakuwa na la kufanya ila kunywa kahawa na kusikiliza redio.) Tukaanzisha timu sisi wa Matrah, na wenzetu waliokuwa wakifanya kazi kwenye magereji na makambi ya upande wa pili wakaanzisha yao, wakamwaga saruji kwenye kipande cha ardhi Wattaya, mahali palipokuwa hapana kitu ila mawe na mikunazi, wakasimamisha nguzo mbili za chuma, na huo ndo ukawa uwanja.

Kepteni wetu alikuwa Bwana Mbarak, zamani mwalimu wa hesabu, mtu mpole, aliyekuwa akipanga timu kwa penseli kwenye daftari: anaandika jina, anafuta, anaandika jengine, mpaka karatasi inatoboka. Tulikuwa wanane. Wa kwanza siku zote alikuwa Hilal, kijana mrefu aliyekuja peke yake kutoka Unguja, mama yake kabaki kule, na huku hana hata shangazi wa kumpikia chai. Wa nane mie. Si kwamba nilikuwa mfupi, urefu nilikuwa nao, na kazi nilikuwa nayo, karani wa kampuni ya ujenzi, meza moja na huyo huyo Hilal, lakini mpira ukinijia kwa kasi nilikuwa nafumba macho, na mtu anayefumba macho kwenye basketi unajua mwenyewe anakaa wapi.

Sasa ikapangwa mechi yetu na Wattaya, Ijumaa baada ya Alasiri, mechi ya kwanza ya kualika watu. Siku sita kabla yake nikaenda kunyoa kwa Yakub. Yakub alikuwa Mbaluchi aliyekaa Mombasa miaka mingi na Kiswahili chake cha huko huko, na kwenye benchi lake walikuwa wamekaa watu wanne au watano wanangoja zamu.

"Ijumaa utacheza, Suleiman?" akaniuliza.

Nina sabuni mpaka masikioni, kidevu juu, wembe shingoni, na wale watu wote wametega masikio. Ningesema nitakaa kwenye benchi, mambo yangekwisha pale pale. Sijui kilichonipata, nikasema, "Wattaya wananitaka. Bado nnafikiri."

Yakub akasimamisha wembe. "Wanakutaka wewe?"

"Ndo wanavyosema."

Basi. Maneno yenyewe ni hayo, sikuongeza hata moja, nikafutwa uso, nikaenda zangu nyumbani, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshayasahau.

Siku ya pili yake au ya tatu, Hilal akaniinamia pale mezani kazini, akasema kwa sauti ndogo, "Umesikia? Wattaya wanamtaka mtu kwetu, na wao watatoa wawili."

"Wanamtaka nani?"

"Sijui. Nimeambiwa ni mrefu, na ni karani."

Tukatazamana. Yeye mrefu na karani, mie mrefu na karani. Na hapa ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa, maana nyie mtaniuliza vipi sikujua kuwa khabari ile ni yangu mwenyewe. Wallahi sikujua. Mie kwa Yakub sikutaja wachezaji wawili, sikutaja urefu, sikutaja ukarani, kwa hiyo nikaona hii ni khabari nyengine kabisa, ya kweli, imetoka Wattaya kwenyewe, na imekuja tu kukutana na ule uwongo wangu njiani. Nikajiambia, huenda kweli wananitaka. Huenda waliniona siku moja nikifanya mazoezi (siku gani, hata sikujiuliza). Usiku ule nililala vizuri sana.

Jumatano Bwana Mbarak akanikuta mlangoni mwa msikiti.

"Suleiman," akasema, "nimesikia habari yako na Wattaya. Mie sikuzuii, mwanangu. Kila mtu na riziki yake."

Mie nilitegemea anibembeleze kidogo. Hata kidogo. Nikabaki nimesimama na viatu mkononi, yeye akaendelea, "Ila hao wawili wanaokuja badala yako, uwaambie wafike mapema wapime fulana. Na ya kwako uirudishe."

Wakati ule ule ningeweza kumwambia, mwalimu, sijazungumza na mtu yeyote wa Wattaya, lakini kwa namna alivyosema "hao wawili", kwa uhakika wa mwalimu wa hesabu, nikaamini kuwa yeye kashaongea nao na mie ndo wa mwisho kujulishwa. Nikasema, "Inshaallah, mwalimu."

Fulana zetu alikuwa akizishona dada yangu Salma, ambaye nilikuwa nakaa kwake. Nikampelekea ile yangu afumue namba. Akaishika, akanitazama.

"Hao waliokutaka walikuja lini? Mie sijaona mtu hapa."

"Wametuma."

"Wamemtuma nani?"

"Watu, da Salma. Watu."

Akachukua mkasi.

Ijumaa nikapanda lori la watazamaji mpaka Wattaya, nimevaa suruali fupi nyeupe chini ya kanzu, viatu vya mpira nimevipaka chokaa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wazee wameletewa viti, mpaka waliotoka Bawshar wamekuja na watoto wao na tende kwenye majamvi. Nikashuka, nikapita mbele ya wenzangu wa Matrah bila kuwatazama, nikaenda upande wa Wattaya, nikavua kanzu, nikaikunja vizuri, nikakaa kwenye benchi lao.

Kepteni wao alikuwa Seif, fundi wa magari, mtu wa mikono mikubwa. Akanijia.

"Karibu bwana. Umekuja kuangalia?"

"Nimekuja kama mlivyosema."

"Nani kasema?"

"Nyinyi. Mlinitaka."

Seif akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama gari lililoletwa gereji likiwa zima. "Wewe nani?" akaniuliza, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa kweli anataka kujua.

Kabla sijajibu, mtu wake mmoja akamwambia kuwa wachezaji wao wawili hawapo. Tukageuka sote. Wako upande wa Matrah, wamesimama mbele ya Bwana Mbarak, mikono wameinua, wanapimwa fulana. Na Hilal hayupo kwao wala kwetu (nikisema kwetu hata sijui nakusudia wapi, mie mwenyewe sikujua mimi ni wa wapi), amekaa peke yake chini ya mkunazi na nguo zake za kawaida.

Refa akapiga filimbi, hakuingia mtu. Akapiga tena. Mbarak akaja katikati ya uwanja, Seif akaja, na mie nikavutwa mkono nikaenda nao, watu wote wanatazama.

"Bwana Mbarak, wachezaji wangu unawavalisha fulana, kwani imekuwaje?" Seif akauliza.

"Si mmewatoa nyinyi, mkamchukua huyu."

"Huyu? Sisi tumesikia nyinyi mnamtoa Hilal na mnawataka hawa wawili, na hawa wakasema watakwenda, mie nikadhani wanatania."

"Mie nimtoe Hilal?"

Wakaitwa wale wawili wakaulizwa wamesikia wapi, wakasema kwa muuza duka wa Ruwi, na muuza duka yupo pale pale kwenye kiti, akasema yeye kaambiwa na dereva wa lori la maji, na dereva yuko juu ya lori lake anatazama mchezo, akapaza sauti akasema kaambiwa kwa kinyozi, Matrah, alipokuwa akingoja zamu. Watu wote wakageuka kumtafuta Yakub. Alikuwa mstari wa mbele, amekuja na kiti chake cha kukunja. Akasimama bila haraka, akatazama huku na huku, akanyoosha kidole.

"Huyu," akasema. "Nilikuwa namnyoa."

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, mpaka wazee vitini, na mie nimesimama katikati na suruali yangu fupi, sina kanzu, sina fulana, sina timu. Lakini hicho kicheko sicho kilichoniuma. Hilal aliinuka pale chini ya mti akaja mpaka tulipo.

"Mie niliambiwa juzi nimeuzwa, mmoja kwa wawili," akamwambia Mbarak. "Nikasema pengine ndo desturi ya huku. Nishahamishwa kwetu mara moja bila kuulizwa. Nilidhani nyie mtaniuliza."

Bwana Mbarak akamfungulia daftari. Karatasi ile ilikuwa imetoboka kila mahali kwa kufutwa, ila jina la juu kabisa lilikuwa limeandikwa mara moja na halijaguswa. Hilal akalitazama muda mrefu, kisha akaomba fulana.

Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya watu, na sijui hata nilisema nini, maneno yalikuwa yanatoka kombo. Mbarak akaniambia kwa upole, "Ulikuwa ukitaka kucheza si ungenambia," akanipa birika la maji, nikawashikia timu zote mbili mpaka Maghribi ilipoingia na mechi ikakatika haijaisha, kwa sababu nusu ya wakati ilikuwa imepotea katika kunitafuta mie.

Lori la kurudi Matrah lilikuwa moja. Sikupanda. Nikaanza kwenda kwa miguu, na baada ya kidogo nikasikia mtu nyuma yangu, na kwa hatua zile ndefu nikajua ni nani. Akanifikia, tukaenda sambamba.

"Kwani kweli ulitaka kwenda Wattaya?" Hilal akaniuliza mwisho.

"Sikutaka. Nilitaka nami nitakiwe."

Tukaanza kuziona taa za Ruwi. "Juzi waliponiambia wanatoa wawili kwa ajili yangu," akasema, "mwanzo nilifurahi. Halafu ndo nikaumia."

Tangu siku ile nimeapa, na kiapo nimekishika miaka yote hii: mtu akiniuliza jambo na sina jibu la kujivunia, namwambia sina. Inaniwia vigumu mpaka leo. Jana tu mjukuu wangu kaniuliza kama nilikuwa nikicheza mpira vizuri ujanani, na mdomo ulishafunguka kabla sijaukamata.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nafumba macho."