Maji ya Shabu Yameninyima Radhi ya Baba

Asalaam aleikum. Admin, jina langu libaki kwako, maana watu wa Izki, huku Oman, tunajuana. Mimi ni mwanamme wa miaka thalathini na tisa, nina mke na watoto, wazee wangu walitoka Pemba. Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha karatasi za maboksi, njia ya Nizwa, kazi yangu ni kusafisha maji.

Maji yakitoka kwenye mashine huwa meupe kama maji ya mchele, yamejaa vumbi la karatasi. Natia shabu, lile jiwe la kusafishia maji, uchafu unashikamana na kutuama chini, ya juu yanakuwa maangavu na kurudi kwenye mashine. Lakini chumvi ya ile shabu haiondoki, kila mzunguko inazidi, mpaka hayafai tena na lori linakwenda kuyamwaga mbali.

Mwaka ule wa ukame mfereji wa falaji unaonywesha mashamba ulikaribia kukauka, na mindimu ya baba ikaanza kunyauka. Aliipanda kwa mikono yake tuliporudi Oman, hakuwa na kingine cha kujivunia. Marehemu mama alipokuja kiwandani kuniletea chakula akayaona yale maji kwenye tangi, akayaomba. Nikamkatalia, nikamweleza habari ya chumvi. Akanicheka.

"Maji ya shabu ndiyo tuliyokuwa tukinywa Pemba, kisima kikichafuka na mvua. Leo wewe wanambia mabaya?"

Nikadhani yamekwisha. Kumbe alimwendea dereva wa lori, akamwambia nimeridhia. Dereva naye akafurahi kupunguziwa safari. Kiangazi kizima alikuwa akiyamwaga shambani kwa baba, na mimi sina habari.

Mindimu ikaungua majani, ikafa yote. Baba akamuuliza dereva, akajibiwa kuwa ruhusa ilitoka kwangu. Akaniita mbele ya mama. Nilimtazama mama, akainamisha uso. Sikuweza kumtaja. Nikanyamaza nikingojea aseme mwenyewe, na hakusema mpaka Mungu akamchukua. Nina uchungu naye, nasema kweli, na kumwombea namwombea.

Sasa baba yu kitandani, hospitali wamemrudisha nyumbani. Nikiingia na shikamoo yangu hageuki. Juzi nilikuwa mlangoni akiwausia ndugu zangu.

"Huyu asishuke kaburini kunipokea. Simridhii."

Nikisema, nitamwambia mzee anayekufa kwamba mkewe, anayemtaja katika kila dua, alimdanganya. Na nani ataniamini? Dereva kesharudi kwao, mama hayupo, nitaonekana namsingizia maiti. Nikinyamaza, ndugu zangu watamlaza baba mwanandani, nami nimesimama juu na watu baki.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Msichelewe, maana tangu jana ulimi wa baba umekuwa mzito, na hata akitaka kuniridhia, sijui kama ataweza kulitamka neno hilo.