Ni Mimi Niliyeandika "Vifuniko Viwili"

Admin, nifichie jina, na la kampuni pia, maana Nyeri ni ndogo na bosi wangu husoma page hii akila lunch. Mimi ni msichana wa miaka 28, naishi Gatitu. Niliajiriwa kupokea simu za wakulima kwenye kampuni changa yenye app ya kilimo. Ikakua haraka, ikahitaji product manager, yaani mtu wa kuamua app ifanye nini na iongee vipi na mkulima. Bosi akaninyooshea kidole. "Wewe unajua wakulima. Hiyo ingine utasoma kwa mtandao."

Nikasoma kweli, daftari likajaa. Muulize mteja kwanza. Tumia maneno yake. Jaribu na wachache kabla ya kupelekea wengi. Nilijiona nimefika, hata nikaanza kuwasahihisha vijana wa kompyuta.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa sehemu ya app inayomwelekeza mkulima wa mpunga kupima dawa ya wadudu. Ilikuwa imeandikwa kwa mililita. Nikasema hiyo ni lugha ya maabara, mkulima hupima kwa kifuniko cha chupa. Nikaandika: "Weka vifuniko viwili kwa kila pampu." Nilijipongeza sana.

Nikaenda Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, nikakutana na wakulima ishirini wa majaribio kwenye uwanja wa kanisa. Kila mmoja nilimwonyesha simu nikamuuliza kama ameelewa. Kila mmoja akanijibu, "Ni sawa, madam." Nikarudi ofisini nikaandika kwamba wote wameelewa, nikaweka sahihi. Na mimi nimezaliwa huku jamani! Mama yangu humwambia fundi "ni sawa" hata gauni likiwa limeshonwa upande. Lakini siku hiyo nilikuwa product manager, sikuwa mtoto wa mtu.

Wiki hii nilirudi kumpiga picha ya tangazo la app Mama Wawira, mmoja wa wale ishirini. Nilimkuta kando ya shamba lake akichanganya dawa. Alikuwa anapima na kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, kile kipana kinachotosha uji wa mtoto. Viwili, kama nilivyoandika. Ngozi ya vidole ilikuwa imeanza kutoka, na akaniambia siku hizi kichwa humzunguka akitoka shambani.

"Mama, si uliniambia ni sawa?"

Akacheka kidogo kwa aibu. "Ulikuwa mgeni, na umetoka mbali na jua hiyo yote. Ningekuambia aje sijashika?"

Nilimsihi aache kabisa na aende hospitali, kisha nikakimbia kwa bosi.

"Ati kifuniko? Mtu mzima hajui kifuniko ya dawa?"

Nikamwomba tuwapigie wale kumi na tisa waliobaki, na app isifunguliwe kwa wakulima wote Jumatatu. Akafunga mlango.

"Ukiwapigia utawatisha, na wafadhili wanakuja wiki hiyo. Tutarekebisha baadaye. Na ukumbuke sahihi yenye iko hapo ni yako."

Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Kesho yake nilikuta nimefungiwa kwenye app, siwezi kubadilisha hata herufi moja.

Leo ni Jumamosi. Tangu asubuhi nawapigia kisiri. Wengi wanapima vizuri, Mungu asifiwe. Lakini simu ya mzee mmoja ilishikwa na binti yake. Akasema baba amelala tangu jana alipotoka kupiga dawa, anatapika, wanadhani ni malaria. Nikafungua mdomo nimwambie. Nikaiona sahihi yangu, nikaona polisi, nikasema "pole sana" nikakata simu.

Nilijichukia papo hapo, nikapiga tena. Haikushikwa. Nimepiga mpaka sasa imezimwa. Nyumba yao siijui, ila Mama Wawira anaijua, ni majirani. Namba yake iko hapa mbele yangu. Nikimpigia, Wang'uru nzima itajua ni mimi, na kazi imekwisha, pengine na mimi nimekwisha. Nina mtoto, na mama ananitegemea. Ndiyo, najua mnavyoniona.

Admin, usiiweke foleni, iweke sasa hivi. Mnitukane mkitaka, lakini mnishauri. Na kama kuna nesi humu anisaidie: mtu akitapika tangu jana, bado ana muda?