Pointi za Kadi Yangu, Umra ya Mama

Admin, shikamoo, na salamu kwa wote mnaosoma hapa. Jina langu lifiche, na hata mtaa wetu usiutaje, maana Malindi ni ndogo na wifi yangu anausoma ukurasa huu kila siku. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Niliachwa bila mtoto, nikarudi kwa mama. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya ufuoni kule Kikambala, na nikipata mapumziko narudi nyumbani. Siandiki kutafuta huruma. Nina hasira, na hasira yenyewe naipenda.

Tangu baba afariki, mama ana hamu moja tu, kwenda Umra. Mshahara wangu haukuwahi kutosha. Halafu benki ikanipa kadi ya mkopo, ya kwanza maishani mwangu, na mgeni mmoja pale hotelini akanifungua macho: kila ukilipia kitu kwa kadi ile unapata pointi, na pointi zikijaa unazibadilisha kwa tikiti ya ndege. Basi nikawa kichekesho cha ukoo. Anayekwenda kununua mchele wa harusi, namfuata. Anayenunua mabati, namfuata. Wananipa pesa zao mkononi, mimi napitisha kadi, kisha nakimbia kulipa benki kabla mwezi haujaisha ili riba isinishike. Wakaniita Bi Pointi. Nilicheka nao, kwa sababu nilijua ninachokifanya. Ilinichukua zaidi ya miaka miwili.

Zilipotosha tikiti mbili, yangu na ya mama, nilinunua halua nikamwambia mbele ya kaka yangu mkubwa na mkewe. Mama aliinua mikono kumshukuru Mungu. Kaka akaweka kikombe chini.

"Kadi ya mkopo ni riba hiyo," akasema. "Mama, utakwenda kwenye nyumba ya Mungu kwa riba?"

Nikaeleza kwamba sijawahi kutozwa riba hata mara moja. Nilieleza mpaka nikachoka. Mama alishusha mikono, akaisogeza sahani ya halua mbali naye. "Basi mwanangu, wacha. Mungu aijua nia yako." Nililia wiki nzima, lakini nilikubali. Niliona dini ni dini.

Hazikupita siku nyingi, mama akanipigia simu kazini. Kaka anataka kwenda Dubai kutafuta vipuri vya duka lake. "Hizo pointi si zimekaa bure? Mpe nduguyo. Kwake ni biashara, si ibada." Nikampa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfungulia akaunti ya wasafiri kwenye shirika la ndege, tena kwa barua pepe yangu, kwa sababu kaka hana subira na mambo hayo. Neno la siri niliweka jina la mama, nikampa kaka. Nikazihamishia humo pointi zote.

Juzi niko mapokezi nawapa wageni funguo zao, barua pepe ikaingia. Tikiti mbili zimekatwa, na si za Dubai. Ni za Jedda. Moja ina jina la kaka, ya pili ina jina la mama.

Nilirudi Malindi siku ile ile. Nikamkuta mama na buibui lake, anatoka kwa jirani kuaga na kutaka radhi, kama afanyavyo kila anayekwenda Umra, asiondoke na kinyongo cha mtu. Jirani akanipongeza. "Kakako mwanamume, wallahi. Ampeleka mamake Makka kwa jasho lake."

Tulipoingia ndani nikamuuliza, "Mama, unajua tikiti hiyo imetoka wapi?"

"Najua."

"Na ile riba?"

Alikaa kitandani, akavua viatu taratibu. "Ya riba aliyasema nduguyo. Langu ni jingine. Mwanangu, wewe umeachwa, wafanya kazi mahali panapouzwa pombe na wageni watembea nusu uchi. Nikenda kwa mkono wako, watu watanisema. Ikipita kwa nduguyo, ni heshima. Pointi ni zile zile, lakini hakuna atakayeuliza." Kisha akanishika mkono. "Na wewe nataka radhi yako. Nipe, safari yangu itimie."

Jamani, unga anaokula ni wa hoteli. Dawa zake za presha ni za hoteli. Pasipoti anayoikumbatia nimemlipia mimi, kwa mshahara wa hapo hapo panapouzwa pombe. Miaka yote hiyo sikumsikia akilalamika kwamba pesa hizo hazimshuki kooni.

Nikamwambia, "Nimekupa radhi, mama," nikambusu mkono. Kisha nikaenda chumbani kwangu, nikafungua ile akaunti, nikaandika jina la mama, nikazifuta tikiti zote mbili. Ujumbe wa kuthibitisha ulikuja kwangu peke yangu.

Ndege ni Alhamisi, kutoka Mombasa. Kesho alasiri ni dua ya kumuaga. Wifi yangu ameshaagiza mbuzi, kaka ameshonewa kanzu mpya, na mama anamalizia nyumba za mtaa wa pili kutaka radhi. Kila akipita ananishika shavu, anasema moyo wake umekuwa mwepesi tangu nimsamehe. Pointi zimerudi kwenye akaunti, na nafasi kwenye ndege bado zipo, nimeangalia leo asubuhi. Nikitaka naweza kuzikata tena tikiti zile zile. Sijataka.

Mtakaoniambia mama ni mama, nimeshawasikia kabla hamjaandika. Nipeni shauri kwa hili moja tu: nimwambie kesho, mbele ya wote waliokuja kumwombea dua, au ninyamaze, aende na kanga zake na machozi yake mpaka uwanja wa ndege, akaambiwe pale kaunta na mwanamke wa mapokezi kama mimi?