Kaburi Lililokosea Kibla

Nilirudi Kindu kujengea makaburi mawili nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Kasuku: la baba, aliyekufa kabla ya vita, na la kaka yangu, aliyekufa vitani. Miaka yote niliyokaa Lubumbashi, kila Alhamisi jioni nilimsomea kaka Yasini. Basi nilidhani mama atafurahi akiona mifuko ya saruji. Wapi!

"La baba yako, sawa," akasema. "La kaka yako uliache vile iko."

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Ukiniambia chai ina sukari, nitaonja kwanza. Nikaita fundi, Muislamu wa mtaani kwetu.

Fundi akavuta kamba kwenye kaburi la baba, akapiga vigingi. Alipofika kwa kaka akasimama, akakuna kichwa.

"Dada, huyu alizikwa na nani?"

"Na marehemu babu yangu."

"Basi babu alikosea. Maiti analazwa ubavu, uso uangalie kibla, kwa hiyo kaburi linakingama. Hili limenyooka huko huko kibla."

Babu akosee? Babu yangu ndiye aliyeosha na kuzika wafu wa mtaa mzima! Angechimba kaburi macho yamefumbwa na lingekaa sawa. Nikamwambia fundi arudi Jumamosi, nikaanza kumchunguza mama yangu mzazi. Asubuhi alipokwenda kufagia, kwa baba alisimama, akainua mikono, akasoma Fatiha. Kwa kaka aliondoa majani, akapita zake. Hata bismillahi sikuisikia. Siku ya pili vilevile. Nikamwogopa, wallahi. Niliwaza mambo mabaya juu ya mama na babu, mambo ambayo siwezi kuyaandika, na chakula chake nikakila huku nikimtazama mikono.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nikachukua jembe.

"Mama, leo nachimba. Nataka kujua nani amelala mule."

Akanishika mkono kwa nguvu nisiyoijua. "Acha! Mule hamuna muntu. Iko mugomba tu. Babu yako aliuvika sanda, akauzika. Watu aliwadanganya, lakini Mungu aliogopa kumudanganya, njo maana hakuuelekeza kibla."

Jembe likanitoka mkononi. "Na kaka?"

"Iko muzima, kule Kama, ngambo ya muto. Ana bibi na watoto wane."

Alhamdulillahi! Nililia, nikacheka, nikamkumbatia. Kisha moto ukaniwaka. "Miaka yote hii mimi nausomea mgomba Yasini, na wewe unanitazama tu! Kwa nini hamkuniambia?"

Mama akakaa kwenye kizingiti. "Unakumbuka biskuti?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka sita. Askari walikuwa wakikamata vijana, na kaka alikuwa amejificha darini. Askari mmoja alichuchumaa mbele yangu, akanipa biskuti, akaniuliza kaka yangu yuko wapi. Nikaonyesha juu kwa kidole. Nilidhani jambo lile nalijua mimi peke yangu duniani.

"Siku ya tatu aliwatoroka," mama akasema. "Akavuka muto. Tulijua watarudi kumutafuta, na watakuuliza weye tena. Tukasema alirudi na jeraha, akafa. Ulilia sana pale kaburini, mutoto wangu. Askari wakaamini machozi yako, wakaenda."

"Sawa. Na vita vilipoisha?"

"Kaka yako mwenyewe njo alikataa. Aliniapisha. Alisema siku mudogo wake atajua, hatapiga tena telefone."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema nilikuwa mtoto, mtoto wa miaka sita anajua nini? Lakini telefone ya mama ililia mfukoni mwake. Kila Ijumaa baada ya sala, kumbe, kaka alikuwa anapiga. Masikio ya mama mazito, basi akafungua sauti kubwa, nami nikamsikia kaka. Sauti nzito, ya mwanamume mzima. Akamuuliza mama habari ya goti lake. Akacheka kidogo. Kicheko chake ni kile kile.

"Mama," akasema, "watu wananiambia umepata mugeni. Iko hapo?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Mama akanitazama usoni.

"Hapana, mutoto wangu," akajibu. "Niko peke yangu."