Hadithi ya Mbuzi na Jina la Mdogo Wangu

Kwa miaka mingi niliwaandikia watoto hadithi za simba, nami simba nimemwona kwenye kalenda tu. Mhariri wangu, mwanamke mwenye subira kuliko ninavyostahili, alinirudishia ya mwisho akisema, "Huyu simba wako anaongea kama karani. Si uandike tu kitu ya kwenu?" Nilinuna. Mimi ni karani, katika ofisi moja hapa Kericho, na sikupenda ijulikane hadi porini.

Lakini nilipomaliza kununa nikakumbuka mbuzi.

Kwetu ni Kimulot, pale chai inapokaribia msitu. Sisi Wakipsigis mtoto mchanga hatumchagulii jina la ukoo; marehemu ndio humchagua. Wanawake wazee hujifungia ndani naye, wakamgusisha ugoro puani, kisha wakaita majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipiga chafya jina likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi, na vigelegele vinapigwa.

Sasa, nilivyokumbuka mimi, siku ya mdogo wangu mtoto alikataa katakata. Waliita wa upande wa baba, wakaita wa upande wa mama, kimya. Ugoro ukamwagika karibu na mbuzi aliyefungwa pembeni mwa kitanda, mbuzi akanusa, na jina lililofuata lilipotajwa, mbuzi akapiga chafya ya kutikisa vyungu. Jina likapita. Mimi nilikuwa nje, nikichungulia kwenye tundu la ukuta, nikaona yote.

Niliiandika huku nikicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kufunga mlango. Mhariri naye alicheka kwenye simu, na kwa mara ya kwanza alicheka pale nilipokusudia. Halafu akauliza, "Huyo ndugu yako ako hai? Anajua? Watoto wa shule watamwita mtu wa mbuzi mpaka azeeke. Bila ruhusa yake sichapishi."

Kitabu changu cha kwanza cha maana kikawa mikononi mwa mdogo wangu.

Jumamosi nikaenda nyumbani. Nilimkuta katikati ya chai, kikapu mgongoni, mikono ikikimbia juu ya vichaka. Nilimtolea hotuba niliyoiandaa njia nzima: kwamba mtu mkubwa ni yule anayekubali kuchekwa, kwamba asione haya, kwamba hata mimi ningekuwa yeye ningeona fahari. Kisha nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika kichaka asianguke.

"Mimi sina shida," alisema akifuta machozi. "Lakini enda usomee Mama kwanza."

Mama alikuwa jikoni akisugua kwa mkaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilimsomea kwa sauti ya redio. Alicheka kwa mbuzi, nikafurahi. Alicheka zaidi kwa tundu la ukuta, na hapo sikuwa nimeweka kichekesho.

"Tundu gani? Hiyo nyumba nilikandika na mikono yangu, haikuwa na tundu. Na mdogo wako alipiga chafya kwa jina ya kwanza kabisa, ugoro ikaturukia sisi wote."

"Basi yule wa mbuzi ni nani?"

Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia aliponituma kituo cha kuuzia chai nikarudi na majani yake yamekataliwa.

"Ni wewe."

Ili msomaji aelewe pigo hilo, lazima ajue jina langu nililichukuliaje. Silitaji hapa, ila ni la babu wa babu yangu, mtu wa ng'ombe wengi, ambaye inasemekana akikohoa boma zima lilisimama. Nimelitembeza jina hilo maisha yangu yote kama fimbo. Utotoni nilikataa kuchuma chai kwa sababu mtu wa jina langu huchunga, hachumi. Kwenye harusi za watu nimesimama, bila kuombwa, nikaeleza ni nani aliyerudi ndani yangu. Kumbe aliyemrudisha ni mbuzi. Waswahili walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi dakika chache tu zilizopita nilikuwa kwenye chai nikimfundisha mwenzangu kuonja.

"Labda tulipiga chafya pamoja," nikasema. "Mimi na mbuzi."

"Wewe ulikuwa umelala."

"Lakini mashangazi waliniambia ni mdogo wangu!"

"Ungelia. Ukichekwa kidogo tu, ulikuwa unalia mpaka jioni. Tukasema ni yeye. Yeye hakujali."

Niliikunja hadithi nikaitia mfukoni. Nilimwambia haichapishwi, basi, imekwisha. Niliumia, na sikuona sababu ya kuficha. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hawakurudia, watu wazima wale wote, badala ya kuniachia jina la mnyama.

Mama aliweka kibuyu chini.

"Ulizaliwa kabla ya wakati. Kadogo hivi. Hata kulia ulikuwa hulii. Waliita watu wote wenye tulikuwa tunajua, na hakuna mtu alikutaka. Mtoto kama huyo watu walikuwa wanasema hakai. Kogo yako alikuwa ameanza kulia, ile ya chini chini. Halafu hiyo mbuzi ikapiga chafya."

Kogo ni bibi, mama yake baba. Mimi namkumbuka kwa ukali tu.

"Tukaangaliana. Wote tulisikia ni mbuzi. Hata mtu kiziwi angejua ni mbuzi. Kogo yako akakuinua juu, akasema, 'Amekubali.' Na shangazi zako wakapiga vigelegele haraka haraka, ndio mtu asiseme kitu ingine."

Nilikaa kwenye kigoda. Nikaitoa hadithi mfukoni, nikaikunjua.

"Na mkacheka," nikasema.

"Siku hiyo? Hakuna mtu alicheka. Tulianza kucheka wakati ulianza kutembea."

Nikampigia mhariri simu nikiwa pale pale jikoni. Nikamwambia achapishe, na kile kichanga kwenye hadithi akipe jina langu.