Inkubeta ya Mama, Mwenyewe Yuko Mitaboni

Mama aliinunua inkubeta, yaani mashine ya kuangulia mayai, kwa mwalimu wake wa darasa la kwanza, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku na ng'ombe huko Mitaboni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuikagua kabla pesa hazijatoka, kwa sababu nilisomea ununuzi na ugavi chuo kikuu, na tangu nihitimu sikuwa nimemnunulia wala kumgawia mtu chochote. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya mtu aliyekaa sana bila kazi. Nilikagua waya na plagi. Nilipima joto kwa kipimajoto nilichokuja nacho. Niliingiza kichwa ndani nikanusa kama kuna kilichowahi kuungua. Nilimuuliza Mwalimu maswali mpaka akamgeukia Mama.

"Huyu amekuja kununua mashine ama kuiposa?"

Kwa maswali yote hayo, sikuuliza inkubeta yenyewe inamtambua nani kuwa mwenyewe.

Tuliifikisha nyumbani Machakos, tukaichomeka, ikaendelea kufanya kazi vile Mwalimu alivyoiacha. Mama akapanga ndani mayai ya kuku wake wasio na manyoya shingoni. Kuku hao aliachiwa na mama yake, na ingawa nyanya alifariki zamani, Mama bado aliwaita "kuku wa mwaitu", yaani wa mama kwa Kikamba, kama kwamba yeye ni mlinzi tu na mama yake angeweza kurudi kuwadai.

Wiki iliyofuata kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, ikaingia mtaani. Kila asubuhi Mama alitoka bandani na kuku aliyekufa mkononi, miguu juu. Walipokwisha, alipiga banda deki kwa dawa, akaja kuketi karibu na inkubeta akatazama ile taa ndogo ya kijani. Mbegu yote ya kuku wa mwaitu ilikuwa imebaki mle ndani.

Inkubeta hii ina kitufe kimoja tu, cha kuwasha na kuzima. Mengine yote unayaamuru kwa simu, ukiwa karibu nayo. Mayai yanalala juu ya vigeuzi, yaani plastiki ndefu za mviringo zinazoyazungusha polepole ili kifaranga asigande upande mmoja. Lakini siku za mwisho vigeuzi lazima visimame, kwa maana kifaranga anatafuta pa kutobolea, na unyevu lazima upandishwe ili ngozi ya ndani ya yai isimkaukie akiwa katikati ya safari. Siku hizo zilikuwa karibu. Nikapakua programu kwenye simu yangu, nikasogea, ikaiona inkubeta mara moja. Kisha ikaniandikia kwamba kifaa hiki tayari kina mwenyewe, na kwamba ombi langu limekataliwa.

Nilikaa pale sakafuni nikaangalia. Waya ulikuwa kwenye ukuta wetu, stima ilikuwa ya tokeni tulizonunua sisi, mayai yalikuwa yetu. Mwenyewe alikuwa Mitaboni.

Mtu mwingine angempigia Mwalimu simu. Mimi nilisoma kwanza masharti ya matumizi, yote, mpaka betri ikaomba chaja. Nilichoelewa ni kwamba kile kiboksi, na feni, na vigeuzi, vinauzika. Lakini programu inayoviambia vigeuzi vizunguke haikuwahi kuuzwa kwa yeyote. Imeruhusiwa tu kutumiwa, na ruhusa inakaa kwa yule aliyejiandikisha. Nikaanza kujiuliza mpaka uko wapi. Feni ni yetu, lakini kuzunguka kwake je? Joto la mle ndani ni la nani? Nikauliza, kwa sauti pia, kama kifaranga atakayetoka tutaambiwa ni wetu kuanzia wapi.

"Kuanzia shingoni," Mama akasema. "Piga simu."

Lakini simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa, na Mama alikuwa na kibanda cha nafaka cha kufungua, kwa hivyo tukabeba swali letu hadi sokoni. Jirani yetu pale ni mfanyabiashara wa Kisomali anayeuza vitambaa, na siku za mnada huuza mbuzi. Mama alimweleza akipepeta maharagwe.

"Sikia mama," akasema, "ukinunua kitambaa kwangu, mimi naweza kuja kwako nyumbani nikwambie leo usivae?"

"Huwezi."

"Nikija, utanifanya nini?"

"Nitakumwagia maji."

"Basi mwagia hiyo mashine."

Mteja mmoja mwanamke, aliyekuwa akipima ndengu kwa macho ili aone kama kipimo kimejaa, akaingilia. Alisema televisheni yake nayo ilikataa kufungua mpaka akubali kitu asichokisoma, na alikubali kwa sababu watoto walikuwa wanalia. "Ningeambiwa nimekubali kuuza shamba, ningekuwa nimeuza."

"Lakini hata mimi simu hii nimenunua," jirani akasema, sasa akiigeuza simu yake kama mtu anayekagua meno ya mbuzi, "na kila mara inaniuliza kama nakubali. Nikikataa, inakaa tu. Kwa hivyo nani amemnunua mwenzake?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilitaka jibu. Nilimuuliza kama mbuzi aliyeuzwa anaweza kukataa kula mpaka mwenyewe wa kwanza aruhusu. Alinitazama kwa huruma akamwambia Mama anitafutie kazi haraka.

Mwalimu alipatikana baada ya chakula cha mchana. Niliongea mimi, kwa heshima zote, nikamweleza hali, nikamalizia kwa kuomba anitumie jina la akaunti yake na paswadi.



"Paswadi yangu?"

"Ndio, Mwalimu."

"Hapana, kijana. Mashine nimeuza. Hiyo siuzi." Kisha, kabla hajakata: "Na mwambie mama yako juzi stima ilipopotea mlifanya vizuri, lazima mlifunika na blanketi. Joto halikushuka sana."

Alikuwa anatuona. Si nyuso zetu, lakini aliona joto letu, unyevu wetu, na kila mara tulipofungua mlango wa inkubeta. Kichwa changu kikaondoka mbio: anataka kuongezwa pesa, atamuuzia mtu mwingine ile akaunti, anaweza kutunyima ruhusa akiwa jikoni kwake akimenya viazi. Nilimweleza Mama uwezekano wote huo mmoja mmoja. Alipofunga kibanda alisema tu, "Huyo ndiye alinishika mkono nikaandika jina langu. Kesho tunaenda."

Kesho yake Mama alivaa leso mpya. Mwalimu alipotoka nje ya nyumba, Mama, ambaye ana mvi na wateja wanaomwogopa, alisimama wima kama yuko foleni ya asubuhi shuleni.

"Kaa chini. Umekonda."

"Ni kuku, Mwalimu. Waliisha wote."

"Nilisikia. Pole." Akanigeukia. "Na wewe mtu wa paswadi, leta kiti kwa stoo."

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya mahindi makavu. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango, na juu yake, kwenye misumari iliyopangwa ukutani, zilining'inia kamba za katani, nyingi, za zamani zilizopauka na nyingine bado zina rangi. Kila moja ilikuwa na kitanzi cha shingo ambacho hakijafunguliwa. Nilitoka na kiti na swali.

"Mwalimu, zile kamba ni za nini?"

"Za ng'ombe nimeuza."

"Na mbona hukuwapa walionunua?"

"Aiya! Kwani kwenu mnauza ng'ombe na kamba yake?" Alimtazama Mama kama anayemuuliza amenilea wapi. "Ng'ombe anaenda, kamba inabaki. Ukitoa kamba umetoa zizi lote. Mwenye kununua anakuja na yake."

Nilikuwa nimewahi kusikia jambo hilo, kwa namna mtu wa mjini anavyosikia mambo, lakini sikuwahi kuona mtu amelitundika ukutani. Mama akanigeukia.

"Wewe jana ulimuomba nini kwa simu?"

"Akaunti."

"Ulimuomba kamba," Mama akasema.

Mwalimu alipiga goti lake kofi. "Mwambie! Nilishangaa sana. Nikasema, huyu mtoto amesoma, lakini anataka aondoke na kamba yangu." Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akanionyesha. Mayai yote aliyowahi kuangua yalikuwa mle, tangu siku alipoinunua ile mashine ikiwa mpya: lini yaliingia, mangapi yalitoka, joto la kila siku likiwa mstari mwekundu unaopanda na kushuka. "Vifaranga vyangu vyote viko humu. Nikupe paswadi, kesho wewe ndio mimi?"

Hakuwa anataka pesa. Nilitahayari kwa yote niliyomwambia Mama.

"Mwalimu," Mama akasema polepole, "kosa ni letu. Tulikuja kununua bila kamba. Leo tumeleta."

Alimaanisha simu yangu. Nilifungua akaunti mpya pale pale, kwa jina la Mama, kisha nikatafuta kwenye simu ya Mwalimu mahali pa kuiachilia mashine bila kutoa akaunti. Palikuwapo. Ni neno moja tu, "Ondoa", na ukilibonyeza mashine inabaki bila mwenyewe mpaka mwingine ajiandikishe. Nilifurahi, nikamwonyesha. Lakini kidole chake hakikusogea.

"Nikiondoa, hizi kumbukumbu zangu za zamani zitabaki?"

Nilikuwa nimesoma yale masharti yote. Kulikuwa na sehemu ndefu kuhusu kumbukumbu na taarifa, niliyoisoma mara mbili na kuielewa mara sifuri. Mama alinitazama kwa macho ya kuniambia nijibu ndiyo. Mayai yalikuwa yanazungushwa nyumbani, na kila saa iliyopita ilikuwa ya kifaranga kupoteza mahali pake pa kutobolea.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa kama kwamba jibu hilo angalau lilikuwa na adabu. Nikapendekeza tupige picha kurasa zote kabla ya kubonyeza, na akakubali. Sikujua itakuwa kazi ndefu vile, maana kila ukurasa ulikuwa na hadithi yake. Hawa walitoka wakati wa mvua ile kubwa, akawaleta jikoni kwenye kikapu. Hawa walikwenda kwa shule ya wasichana. Hapa mstari uliposhuka ghafla ni siku alipofiwa na dada yake, akasahau kuongeza maji. Mama alikunja na kukunjua ncha ya leso yake, lakini hakumharakisha mwalimu wake hata mara moja.

Tulipomaliza, Mwalimu alibonyeza mwenyewe. Kiduara kikazunguka kidogo kwenye kioo cha simu, kisha kioo kikawa cheupe, na maneno katikati: huna kifaa chochote. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akafungua na kufunga. Kurasa zote zilikuwa zimekwenda.

"Imeenda na kamba," alisema.

Nilimtumia zile picha, zikaingia moja moja kwenye simu yake, na kila ilipolia aliitazama kidogo kabla ya ijayo kuingia. Kisha akatufukuza. "Nendeni. Mayai hayangoji."

Nyumbani inkubeta ilituambia haina mwenyewe, ikauliza kama tunataka kuwa. Nikakubali kwa jina la Mama, bila kusoma. Nilisimamisha vigeuzi. Sikuwa nimegundua kwamba vina sauti mpaka viliponyamaza. Nikapandisha unyevu, na kioo cha mlango kikaanza kutoa jasho. Programu ikaniuliza tena kama kuna mtu mwingine wa kuongezwa, asiyeweza kuamuru lakini anayeweza kuona. Nilikuwa tayari kubonyeza hapana. Tulikuwa tumehangaika siku mbili kumtoa mtu kwenye joto la nyumba yetu.

"Muandike Mwalimu," Mama akasema nyuma yangu.

"Mama, ataona kila kitu."

"Sasa atakuwa anaona kwa sababu nimemwambia aone."

Nilifikiria tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, kisha nikaandika namba yake.

Siku ya kuanguliwa tuliamka tukasikia milio midogo ndani ya mashine kabla hatujaona chochote. Kufikia saa nne mayai kadhaa yalikuwa na nyufa, na moja lilikuwa limefunguka kabisa. Mengine yalikaa kimya tu, na baadaye tungejua kwamba mengi ya hayo hayakuwa na mtu ndani. Jasho la kioo lilituzuia kuona vizuri. Mama alijua mlango haufunguliwi. Alikuwa amenikanya mwenyewe, mara mbili. Lakini alipiga magoti, akaufungua kidogo tu, kiasi cha kupitisha mkono, na akarudi na kifaranga mbichi mwenye macho yaliyofumba. Alimgeuza kwenye mwanga. Shingo ilikuwa tupu, nyekundu, imekunjamana kama ya mzee.

"Mwaitu," akasema, na sikujua alikuwa akimwita nani.

Simu yake ikalia. Aliniashiria nimshikie sikioni, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, na sauti ya Mwalimu ikajaa chumba kizima.

"Unyevu umeshuka! Nani amefungua mlango?"

Mama alikaa wima, kifaranga kifuani.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Funga."

Akafunga.